Somo na Msitu Usiokauka

Somo yangu hakupenda kijani cha Wazungu. Kile kijani kilichokuja kimeshatengenezwa, ndani ya kibati laini cha kukamua, alikitazama kama mtu anavyomtazama samaki wa juzi. "Hiki hakijanyeshewa hata mvua moja," alikuwa akisema, halafu anakirudisha sandukuni na kuanza mwenyewe: manjano, buluu, na wekundu kidogo mno, kama chumvi ya mgonjwa. Wekundu ndani ya kijani! Mara ya kwanza nilicheka. Akanipiga kikofi cha mkono, akaniokotea jani la mkorosho lililoanguka uani.

"Litazame. Usitazame jina lake, litazame lenyewe."

Nikalitazama. Kweli, wekundu ulikuwamo. Tangu siku ile sijaona tena jani la kijani kitupu, na watu wananiona mshamba ninaposimama njiani kukagua vichaka.

Namwita Somo kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kwangu. Nilipovunja ungo, mama alinikabidhi kwake awe kungwi wangu, kwa sababu nyumba zetu pale Kilwa Kivinje zilipeana migongo na kwa sababu mama alimwogopa kidogo. Kwao hasa ni wapi, na alizaliwa na nani, sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Aliyonifunda kama mwali yatabaki ndani yalikofundishwa. Haya ya rangi sikuapishwa, isipokuwa jambo moja, na hilo mwenyewe alinifungulia mdomo baadaye.

Alikuwa mnene wa mwili na mwepesi wa mikono. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na matende, akiuburuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, na akiusema pia kama mbuzi: "Huyu leo kagoma." Alitafuna tambuu tangu alfajiri. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa juu huko milima ya Umatumbi, mwendo wa siku mbili na nusu kutoka pwani. Kabla mguu haujavimba alikwenda kumwona kila mwaka baada ya mavuno, akirudi na mtama na habari. Mguu ulipogoma, akaanza kuuchora msitu anaopita njiani. Mimi nadhani alikuwa anasafiri hivyo. Yeye alisema anapoteza wakati.

Rangi alijifunzia nyumbani kwa Wadachi. Alikuwa akimfulia mke wa yule Mdachi tuliyemwita Bwana Miti, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu miti ya serikali. Bibi Mdachi alikuwa na homa nyingi na hamu nyingi. Alipanda mara moja na mumewe hadi ukingoni mwa milima, akarudi na msitu kichwani, akawa anauchora barazani siku baada ya siku. Somo alipewa brashi aoshe pamoja na nguo. Alizisugua huku jicho liko barazani, na siku moja kicheko kikamtoka.

"Wewe cheka nini?" Bibi Mdachi akauliza.

"Nisamehe, bibi. Nimedhani mchicha."

"Mchicha nini?"

"Hapo, bibi. Wote ni mchicha. Mti wa mbele na mti wa nyuma imepikwa sufuria moja."

Mtu mwingine angefukuzwa kazi. Bibi Mdachi alimkabidhi brashi, akasema, "Fanya wewe," labda kwa hasira, labda kwa kuchoka. Somo akanawa mikono, akakaa, akaipaka giza ile picha yote ya bibi wa watu. Bibi Mdachi alilia. Lakini siku ya tatu Somo alipoanza kutoa miti ndani ya lile giza, mmoja mmoja, bibi aliacha kulia akavuta kiti. Wakawa wanachora pamoja mwaka mzima, mmoja akimfundisha mwenzake mafuta na mwingine akimfundisha msitu. Homa ilipozidi, Bibi Mdachi akarudishwa Ulaya na picha ile ya msitu mikononi, na sanduku la rangi akamwachia Somo. Bwana Miti alibaki. Alikuwa akisema mbele za watu kwamba katika picha ile aliweza kuutambua mti fulani na fulani, miti aliyoihesabu yeye mwenyewe. Tulidhani ni sifa tu. Hatukujua sifa ile itatufikisha wapi.

Mimi alinifundisha kwa jinsi makungwi wanavyofundisha, yaani kwanza unatukanwa. Nilianza na mti. Nilichora mti mzuri, mnyoofu, wenye majani yaliyopangika kama ukindu kwenye mkeka.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mti, Somo."

"Anaitwa nani? Anakaa na nani? Nani kamzuia jua?"

Nikautazama tena mti wangu.

"Msitu hauanzi na mti, mwanangu. Unaanza na giza. Kwanza weka giza, ulizoee, mpaka lenyewe likuonyeshe nani yumo. Mwanga ni mgeni. Mgeni hatangulii kuingia mwenye nyumba hajawa tayari."

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza sikuchora kitu ila giza. Giza la buluu, giza la udongo, giza la chini ya mzizi. Kitambaa chetu kilikuwa marekani, tumekipaka gundi ya ngozi iliyochemshwa na chokaa, tumekiwamba kwa kamba katika fremu ya kitanda kisicho na mlalaji. Rangi tulichanganyia juu ya kipande cha sahani ya kaure. Alinifundisha kutazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, ili vitu vidogo vifutike na vikubwa vibaki. Mama yangu aliponikuta natazama hivyo jikoni aliniuliza kama naumwa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakujisumbua kuyapatanisha. Uso wa mtu hakuchora hata siku moja. Alisema siku ya kiama utaambiwa uutie roho, na yeye roho hana za kugawa. Miti aliichora kwa kuwa miti haina roho. Vizuri. Lakini kabla ya kuuweka mti mkubwa kwenye marekani alikuwa akiuomba ruhusa kwa sauti ndogo, na mara mbili nilimsikia akibishana nao. Rangi nyeupe alikuwa bahili nayo kama dawa ya macho, na chakula akagawa mpaka yeye mwenyewe analala na uji. Alisema Wadachi hawamwogopeshi, na tarumbeta ya boma ikilia alijimwagia chai.

Jambo la ajabu kuliko yote lilikuwa la uongo. Kwa mdomo Somo aliongopa kama anavyopumua. Alimwambia mama yangu ana miaka arobaini, alimwambia muuza samaki ana mume mkali anakuja sasa hivi. Lakini kwenye picha hakuweka jani ambalo hakuliona. Siku moja nilijaza pengo kwa kichaka changu cha kubuni, kizuri tu. Alikikwangua kwa kisu mpaka kitambaa kikatoka nyuzi. "Mdomo umezoea," aliniambia. "Jicho ukilizoesha kuongopa, utarudi nalo wapi?"

Nayasema haya ili ieleweke alikuwa katika shida gani vita vilipofika.

Vita vya maji vilianza kipupwe, kule kule milimani kwa binti yake. Mjini tulisikia vipande vipande: wamekataa pamba, wamekunywa dawa, wamechoma, wamechomwa. Kila mtu aliyetoka bara Somo alimshika nguo. "Hukumwona mwanamke mrefu, ana pengo hapa mbele, ana watoto wawili?" Hakuna aliyemwona. Wengine walisema watu wa upande ule wameingia mapangoni katikati ya msitu, pamoja na wazee na chakula chao, na kwamba njia ya huko haijulikani ila na wenyewe.

Somo aliijua. Alipita mbele ya mapango hayo kila mwaka.

Akaja Mdachi mmoja wa jeshi, kijana mwembamba mwenye makaratasi kwapani, watu wakamwita Bwana Ramani. Karatasi zake zilikuwa zimejaa pwani na zikawa tupu milimani. Bwana Miti ndiye aliyemweleza habari za mfuaji nguo anayechora msitu mpaka miti inatambulika. Alisimama uani kwetu, kofia mkononi, na kwa kweli alisema kwa adabu.

"Mama, wewe fanya picha kubwa. Msitu wote. Njia yote mpaka mapango."

"Mguu wangu, bwana..."

"Mguu hapana taka. Mkono."

"Na nikishindwa?"

Akageuka kulitazama boma. Kivinje wakati ule hapakuwa na haja ya kujibu. Tulikuwa tumeona kamba na waliotundikwa.

Alipoondoka Somo alikaa chini kwenye majivu ya meko. "Nikiweka njia, nimempeleka askari kwa mwanangu," alisema. "Nikiweka njia ya uongo, Bwana Miti ataijua, ameipita nusu yake. Nami mkono wangu hautaki." Halafu akaniambia nichanganye giza, kana kwamba ni siku kama nyingine.

Chupa ya mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, aliyoacha Bibi Mdachi, ilikuwa imekauka. Nikaenda duka la Mhindi, hakuna. Sasa, mimi nilikuwa msichana wa Kivinje. Nywele tulipaka mafuta ya nazi, ngozi mafuta ya nazi, taa mafuta ya nazi, mgonjwa akichuliwa ni mafuta ya nazi. Ningejuaje kwamba kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka? Nikaijaza chupa kwa mafuta mazuri ya nazi aliyokamua shangazi, nikachanganya rangi, ikanukia vizuri kuliko siku zote. Tukapaka giza, fremu nzima ya kitanda, na siku mbili tatu zilizofuata Somo akatoa miti. Naweza kuapa sijaona tena msitu kama ule. Ukiukaribia ulihisi baridi.

Siku ya tano akagusa kona, kidole kikatoka na kijani. Siku ya nane, vilevile. Akaninusa mikono. Akalishika sikio langu.

"Ulitia nini?"

"Mafuta, Somo."

"Mafuta gani?"

"Ya... ya kupikia."

"Ewe mwana usiye haya! Huu msitu utakauka lini? Siku ya parapanda?" Akachukua kisu akwangue. Nikafumba macho, nalia. Sikusikia kisu. Nilipofumbua alikuwa amesimama mbele ya picha, kisu hewani, anatafuna tambuu polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Somo."

"Mama yako?"

"Hapana."

"Basi haya ni ya ndani," akasema. Kwa mwali hakuna neno zito kuliko hilo. Ya ndani hayatoki, hata kwa mume, hata kwa mama. Akakirudisha kisu mahali pake.

Bwana Ramani akaja. Njia iko wapi? Somo akamweleza, na katika maelezo yake hapakuwa na uongo hata kidogo: giza huja kwanza, mwanga huja mwisho. Njia ni mwanga. Na mwanga hauwekwi juu ya ubichi. "Gusa mwenyewe, bwana." Akagusa, akajifuta kwa leso. Akaenda kumwuliza Bwana Miti, naye akakiri kwamba kwa hewa ya hapa picha za mkewe zilichukua hata wiki sita. Akarudi baada ya siku nne. Bado mbichi. Akarudi tena. Bado. Akatuletea askari na amri ya kuipepea picha kwa kipepeo cha jikoni kutwa nzima. Yule askari alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi. Alipepea msitu ule asubuhi mpaka Adhuhuri, akaniambia, "Binti, nimeshapigana na watu wengi, lakini mti sijapata kuupoza."

Halafu ikatokea asubuhi moja ya kipupwe chenyewe, baridi imetanda mpaka kuku wanajikunyata. Bwana Ramani akaja kabla jua halijapanda. Akagusa picha. Kidole kikatoka kikavu.

"Imekauka!" akapiga kelele. Akagusa hapa, akagusa pale. Kavu. "Leo. Sasa. Weka njia."

Mke yeyote wa pwani anajua mafuta ya nazi huganda kwenye baridi na kuyeyuka jua likiwaka. Bwana Ramani hakuwa mke wa pwani. Somo akanitazama, nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu chini ya ile tambuu. Kisha akaanza kuchelewa. Sijawahi kuona mtu akichelewa kwa ufundi ule. Alitaka maji ya kunawa. Alitaka maji mengine, yale yana udongo. Alisali sala ambayo mimi sikuijua wakati wake. Alimwuliza Bwana Ramani habari za mama yake huko Ulaya, na kama ana dada, na kama dada ameolewa, na kwa nini hajaolewa. Alimpikia yule askari uji kwa ajili ya kikohozi. Alitafuta brashi ndogo iliyokuwa sikioni mwake. Bwana Ramani alikuwa anakwenda na kurudi uani, saa mkononi, na jua likapanda juu ya makuti, likaingia uani, likafika miguuni mwa fremu, likaanza kupanda msituni.

Ndipo Somo akakaa. Alichota nyeupe, zaidi ya alivyopata kuchota, akaiweka njia. Na aliiweka mahali pake hasa. Nilimwona, mkono haukuyumba. Inaanzia kwenye mto mkavu, inapita kati ya miamba miwili, inapinda. Bwana Ramani aliinama na karatasi yake. Kabla hajainua kalamu, nyeupe ile ikaanza kuzama. Ikalegea, ikaingia kijani, ikawa maziwa, ikawa ukungu, kisha ikawa msitu. Miti iliyokuwa juu yake nayo ikateleza kidogo, kama watu wanaosogea kumpisha mtu halafu wanafunga nafasi.

"Weka tena!"

Akaweka tena. Ikazama tena.

Bwana Ramani aliipiga fremu teke. Hakumpiga Somo, na mpaka leo sijui kwa nini. Alilibeba sanduku la rangi, na brashi zote, na chupa, na kile kipande cha sahani pia, akasema mwanamke huyu hatachora tena. Siku ya pili yake kikosi kikaondoka bila picha, kwa njia ya upande mwingine.

Somo hakuchora tena. Picha ikabaki imeegemea ukuta, upande wake mzuri umegeuziwa ndani. Habari za binti hazikuja. Ikaja njaa badala yake, ile njaa iliyofuata vita, na watu wakashuka kutoka milimani wakiwa mifupa, na Somo akakaa kizingitini akiwauliza wote lile swali la pengo na watoto wawili. Mimi nikaolewa Lindi, upande wa Mitwero, nikaondoka.

Miaka ilipita kabla sijapata safari ya Kivinje. Nilimkuta uani, amekonda, jicho moja lina ukungu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Nani huyo ananukia Lindi?" Akanipapasa uso mzima, akakuta nimenenepa, akafurahi. Kisha akaita ndani. "Njoo umwone mwali wangu, yule mharibifu."

Akatoka mwanamke mrefu, mtoto mmoja nyuma yake ameshika doti. Akatabasamu, nikaliona pengo. Nikalia, yeye akanicheka, tukashikana mikono tusiojuana.

Siku binti alipofika, Somo akanieleza, alikuwa amejifunga gunia, na yule mtoto mwingine alikuwa amekwisha kuzikwa njiani. Ndani ya nyumba hapakuwa na nguo hata kipande.

"Na picha?" nikauliza. "Somo, picha iko wapi?"

"Nimeifua."

"Umeifua!"

"Si mafuta ya nazi? Majivu na maji moto, mara tatu. Marekani nzuri ile. Aliivaa mpaka tukapata kaniki. Pindo halikutakata lakini, lilibaki kijani kijani." Akatema tambuu pembeni. "Hiyo ilikuwa ya ndani. Sasa hata ukiisema, sawa tu."

Tulikula. Nilikuwa na swali nililolibeba tangu Mitwero, nikamwuliza binti, maana niliona ni furaha nitakayompa mama yake. Nikasema, "Dada, siku zile tulipokuwa tunaficha njia, ninyi mlikuwa pango lipi? Lile la kwanza, au la ndani?"

Akamtazama mama yake kwanza.

"Sisi hatukuwamo, mdogo wangu. Tuliondoka siku za mwanzo kabisa, tukakimbilia upande wa Rufiji. Huko msituni hatukulala hata siku moja."

Nikaliacha tonge. Nilizikumbuka zile wiki zote, lile teke, lile sanduku lililokwenda. Nikamgeukia Somo, nikaona kwamba hili alilijua siku nyingi.

"Basi mapangoni kulikuwa na nani?"

"Watu wa ng'ambo ya mto," binti akasema. "Wengi. Hatuwajui."

"Nao wana mama zao," Somo akasema, akanisukumia samaki. "Kula, kichwa hicho chako. Na huyu mtoto mmempa mchuzi au mnapiga soga tu?"